Chemsha bongo: mahali, mambo ya zamani, wanawake mashuhuri au majira ya kuchipua? Mada ipi uchague

Anayeandaa chemsha bongo ya maarifa ya jumla hakosi maswali. Anachokosa mara nyingi ni mada inayowafaa watu atakaokaa nao. Maswali kumi yaliyochangamsha kundi moja yanaweza kulilaza kundi jingine, na kosa halionekani mpaka raundi imeshaanza: nusu ya chumba wamenyamaza, au meza mbili zinambishia mwamuzi. Hapa zinalinganishwa mada nne zinazotumika sana. Kipimo kikuu si ugumu wa swali. Ni hiki: jibu litasimama likibishiwa?

Kwa mwenye haraka, uamuzi wetu ni huu. Kama hujui nani watakuja, chukua mahali na wanawake mashuhuri, maswali kumi kumi. Kama wachezaji wamepishana miaka isiyozidi kumi, mambo ya zamani yatawaamsha kuliko mada nyingine yoyote. Mila za majira ya kuchipua zinafaa raundi fupi ya maswali matano au sita. Zikifika kumi huchosha, na sababu yake iko mbele.

Mahali: haraka kuandaa, haraka kuoza

Ukiwa na atlasi na saa moja unapata maswali kumi, na karibu kila mtu amepitia jiografia shuleni. Ngazi za ugumu pia ziko wazi. Miji mikuu ambayo si miji mikubwa kuliko yote nchini mwake, kama Canberra, Ottawa, Ankara na Brasília, ni ya kiwango cha kati. Nchi zilizozungukwa pande zote na nchi moja tu, yaani Lesotho, San Marino na Vatican, ni ngumu kidogo. Nchi mbili ambazo mtu akitoka huko kwa nchi kavu lazima avuke walau mipaka miwili ndipo afike baharini, Liechtenstein na Uzbekistan, ni za kuwatenganisha wanaoongoza.

Ubaya wake ni kwamba majibu hayadumu. Kazakhstan ilihamisha makao makuu kutoka Almaty mwaka 1997. Mji mpya ukaitwa Astana mwaka 1998, Nur-Sultan mwaka 2019, kisha Astana tena mwaka 2022. Swaziland ni Eswatini tangu 2018. Kwa miongo mingi nchi yenye watu wengi kuliko zote ilikuwa China, lakini mwaka 2023 makadirio ya Umoja wa Mataifa yaliiweka India mbele. Ukichukua maswali ya kijitabu cha miaka kumi iliyopita bila kuyapitia upya, kumi na mbili kati ya mia yanaweza kukuumbua, au thelathini; hutajua mpaka mtu anyooshe mkono. Dawa ni kutia mwaka ndani ya swali lenyewe: "Mwaka 2020, mji mkuu wa Kazakhstan uliitwaje?" Jibu, Nur-Sultan, halitabadilika kamwe.

Kasoro ya pili ni maneno "mrefu kuliko wote" na "kubwa kuliko zote". Mlima upi ni mrefu kuliko yote duniani? Everest, ukipima kutoka usawa wa bahari: mita 8,848.86 kwa kipimo kilichotangazwa na Nepal na China mwaka 2020. Mauna Kea wa Hawaii, ukipima kutoka kitako chake chini ya bahari: zaidi ya mita 10,000. Na kilele kilicho mbali zaidi na kitovu cha dunia ni cha Chimborazo, Ekwado, chenye mita 6,263 tu juu ya bahari, kwa kuwa dunia imetuna karibu na ikweta. Swali moja, majibu matatu, na kila timu ina haki. Andika "kutoka usawa wa bahari" na ubishi umekwisha. Jangwa nalo ni hivyo hivyo: Antaktika ina takriban kilomita za mraba milioni 14 na Sahara takriban milioni 9, kwa hiyo anayeitaka Sahara lazima aandike "jangwa la joto".

Swali la mahali lenye thamani kuliko orodha ya miji mikuu ni lile linaloangusha dhana. Mfano: je, mstari wa ikweta unapita juu ya ardhi ya Guinea ya Ikweta? Haupiti. Bara lake na kisiwa cha Bioko viko kaskazini ya mstari, kisiwa cha Annobón kiko kusini, na mstari wenyewe unapita baharini katikati. Tatizo ni kwamba swali la ndiyo au hapana mtu hulipata nusu ya mara kwa kubahatisha. Liulize kwa njia ya kutaja: "Ni nchi gani ya Afrika yenye neno ikweta katika jina lake, ilhali mstari huo haukanyagi ardhi yake?" Hapo tena jina limejitaja lenyewe, swali limekuwa rahisi mno. Libakize kwa ajili ya kufungulia, watu wacheke na kuanza kuongea.

Mambo ya zamani: furaha kubwa, haki ndogo

Hakuna mada inayowafanya watu waongee kama hii, na hakuna inayopendelea umri kama hii. Watu wazima hukumbuka kwa wingi mambo waliyoyapitia kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi. Aliyezaliwa 1965 anaijua Walkman, kicheza kaseti cha kubebeka, ilipoingia. Aliyezaliwa 2003 ameiona kwenye picha. Kabla ya kuandika swali lolote, kadiria mwaka wa kuzaliwa wa wachezaji wengi, ongeza 10, ongeza 30, na uchote maswali ndani ya kipindi hicho. Wakiwa wamechanganyika umri, usiwaache wajipange wenyewe, maana vijana watakaa pamoja na wazee pamoja. Gawa timu kwa namna ambayo kila meza ina walau mtu mmoja wa kila rika.

Vifaa hupita mipaka. Vipindi vya televisheni, matangazo na peremende havipiti. Mtu aliyekulia nchi nyingine hatakuwa na lolote la kusema kuhusu kipindi cha watoto cha kwenu, lakini kaseti aliishika. Basi chagua vifaa, na uulize jambo ambalo mkono unalikumbuka. Kaseti iliyoandikwa C90 ilichukua dakika ngapi kila upande? 45. Kwa nini penseli yenye pande sita ilifaa kuzungusha utepe uliolegea? Kwa sababu tundu la gurudumu la kaseti lina meno sita, na pembe za penseli hushika katikati yake. Walkman ya kwanza, iliyoanza kuuzwa Japani tarehe 1 Julai 1979, ilikuwa na matundu mangapi ya vipokea sauti vya kichwani? Mawili, ili watu wawili wasikilize pamoja. Hayo yanamfurahisha hata aliyekosa, na hicho ndicho kipimo cha swali zuri la mada hii.

Linalovuruga ni mwaka. Kila kifaa kina mwaka wa kubuniwa, wa kutangazwa na wa kuuzwa, na mara nyingi umepishana mbali. Mchemraba wa Rubik ulibuniwa Hungaria mwaka 1974 lakini ulienea madukani duniani kuanzia 1980. Mchezo wa Tetris ni wa 1984, ila wengi waliujua kupitia Game Boy, mashine ya michezo ya mkononi, ya 1989. Simu ya kwanza ya mkononi ilipigwa tarehe 3 Aprili 1973, na simu ya aina hiyo ikaanza kuuzwa miaka kumi baadaye. "Mchemraba wa Rubik ni wa mwaka gani?" ni swali bovu. "Ernő Rubik alibuni mchemraba wake katika muongo gani?" ni zima. Muongo ni rafiki wa mwamuzi. Mwaka kamili uache kwa maswali ya karibu-zaidi-anashinda.

Kuna pia kumbukumbu za uongo, na hizi ni malighafi nzuri. Watu wengi huapa kwamba mchezo wa nyoka ulianza na Nokia 3310 ya mwaka 2000. Ulikuwamo katika Nokia 6110 kabla ya hapo, na 3310 ilikuja na toleo la pili. Mchemraba wa Rubik nao, mtu akipiga hesabu ya tatu mara tatu mara tatu, atasema una vipande 27. Una 26: katikati hakuna kipande, kuna kiungo kinachoshika vingine.

Wanawake mashuhuri: kazi zaidi, ubishi mdogo

Tukilazimika kuchagua mada moja tu kwa kundi tusilolijua, ni hii. Inagusa sayansi, siasa, michezo, anga na milima kwa pamoja, kwa hiyo katika meza ya watu watano huwa hakuna asiye na cha kuchangia. Tarehe zake nyingi zimeandikwa vizuri na hazibadiliki. Gharama yake ni muda: maswali kumi mazuri yatakuchukua saa mbili au tatu, kwa sababu kila moja lina neno la kuchunguzwa. Neno hilo ni "wa kwanza".

Chukua swali linaloonekana jepesi: nani alikuwa rais wa kwanza mwanamke duniani? Isabel Perón wa Argentina aliapishwa mwaka 1974, lakini alikuwa makamu aliyerithi kiti mumewe alipofariki. Vigdís Finnbogadóttir wa Aislandi ndiye wa kwanza kupigiwa kura na wananchi kuwa rais, mwaka 1980, na alikaa hadi 1996. Ukisema "kiongozi wa serikali" umerudi nyuma hadi Sirimavo Bandaranaike, aliyekuwa waziri mkuu wa Ceylon, leo Sri Lanka, Julai 1960. Afrika ni hivyo hivyo: Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia, aliyeapishwa Januari 2006, ni wa kwanza kuchaguliwa kuwa rais, ila Sylvie Kinigi alikaimu urais wa Burundi mwaka 1993, na Zewditu aliitawala Ethiopia kama malkia kuanzia 1916. Swali lenye "wa kwanza" lazima lijibu matatu kabla halijasomwa: wa kwanza kufanya nini hasa, kwa njia gani, na wapi.

Wakati mwingine hata siku inahesabika. Junko Tabei wa Japani alifika kilele cha Everest tarehe 16 Mei 1975. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 27, Phanthog wa China alifika kutoka upande wa kaskazini. Anayeuliza "mwanamke gani alipanda Everest mwaka 1975" ana majibu mawili sahihi. Wanaanga vilevile: Valentina Tereshkova ni wa kwanza kwenda angani, Juni 1963, akaizunguka dunia mara 48; Svetlana Savitskaya ni wa kwanza kutoka nje ya chombo, Julai 1984; Sally Ride ni Mmarekani wa kwanza mwanamke, 1983. Ukiacha neno moja katika swali, umebadilisha mtu.

Marie Curie ndiye anayekosewa zaidi. Si kweli kwamba ndiye mtu pekee mwenye Nobel mbili. Linus Pauling alipata ya Kemia 1954 na ya Amani ya mwaka 1962. Kilicho cha Curie peke yake ni kupata mbili katika sayansi mbili tofauti, Fizikia 1903 na Kemia 1911. Yeye pia ndiye mfano mzuri wa swali la ngazi, ambalo mada hii inalibeba kuliko nyingine. Unasoma dalili moja moja, na timu huinua mkono ikiwa tayari. Dalili ya kwanza, alama 3: alizaliwa Warsaw mwaka 1867, na daftari zake za maabara bado zina mionzi. Ya pili, alama 2: mwaka 1898 yeye na mumewe waliipa elementi jina la nchi aliyozaliwa. Ya tatu, alama 1: Nobel mbili. Timu inayokosea imefungiwa nje ya swali hilo. Bila sharti hilo watabahatisha kila dalili. Toa sekunde 15 kati ya dalili na dalili, si zaidi.

Kosa la mwisho la mada hii ni kuwarudia watu walewale sita. Orodha ya Curie, Cleopatra, Earhart, Malala, Mandela wa kike wa kila nchi na malkia mmoja wa Uingereza haina jipya. Weka angalau wanne ambao wachezaji wataondoka wakiwa wamewajua hapo. Maryam Mirzakhani, mzaliwa wa Iran, mwanamke wa kwanza kupata Medali ya Fields ya hisabati, 2014. Bertha von Suttner, Nobel ya Amani 1905. Wangari Maathai, Nobel ya Amani 2004, aliyeanzisha Green Belt Movement mwaka 1977. Na Nadia Comăneci, ingawa anajulikana, ana swali ambalo halichuji: Montreal 1976, akiwa na miaka 14, ubao wa matokeo ulionyesha 1.00. Kwa nini? Alipata 10 kamili, na ubao haukuwa na nafasi ya tarakimu nne.

Majira ya kuchipua: picha nzuri, kalenda ngumu

Mila hizi zina rangi: moto, maji, maua, nyuzi nyekundu. Ni mada ya picha kuliko mada ya maneno. Lakini mchezaji wa ukanda wa ikweta hana majira haya kabisa, na wa Australia au Argentina anayapata Septemba. Ukisema "Machi" kana kwamba ni kwa wote, utasahihishwa. Andika "kaskazini mwa dunia" mara moja mwanzoni mwa raundi, inatosha.

Mtego mkubwa ni tarehe. Pasaka ya makanisa ya Magharibi hufuata kanuni: Jumapili baada ya mwezi mpevu wa kwanza wa kikalenda unaoangukia tarehe 21 Machi au baadaye, kwa hiyo huwa kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Waorthodoksi wengi hutumia kalenda ya Julius. Mwaka 2024 Pasaka zilikuwa 31 Machi na 5 Mei, mwaka 2025 zote zikaangukia 20 Aprili. Holi, sikukuu ya rangi ya India, hufuata mwezi mpevu. Nowruz, mwaka mpya wa Kiajemi, huanza mchana na usiku vinapolingana, tarehe 20 Machi au siku ya jirani. Mwaka mpya wa China unaitwa Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, ila huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, baridi ikiwa bado kali. Kwa hiyo usiulize "lini". Uliza "nini" au "wapi".

Hata "nini" ina mipaka. Meza ya Nowruz ina vitu saba ambavyo majina yake kwa Kiajemi huanza na sauti ya S. "Vingapi?" ni swali salama. "Vitaje" ni ugomvi, kwa sababu kuna zaidi ya saba vinavyokubalika na kila familia ina vyake. Maswali yanayosimama ni kama haya: Wabulgaria huvaa nyuzi za rangi gani mbili kuanzia 1 Machi? Nyekundu na nyeupe, mpaka waone korongo, mbayuwayu au mti uliochanua. Mji gani wa Uswisi huchoma sanamu ya mtu wa theluji iliyojazwa fataki, na watu huhesabu dakika mpaka kichwa kilipuke ili kutabiri kiangazi? Zürich. Mji gani wa Hispania huchoma sanamu kubwa usiku wa 19 Machi? Valencia. Songkran ya Thailand, yenye kumwagiana maji, huwa mwezi gani? Aprili, kuanzia tarehe 13.

Mila mbili za moto na moja ya maji, na tayari zinaanza kufanana. Ndiyo maana tunasema tano au sita: likipita hapo, mchezaji anachanganya majina tu, na kukosa kwake hakumfundishi kitu.

Zikiwekwa bega kwa bega

Simu mfukoni ndiyo adui wa kila raundi. Mahali huathirika kuliko mada zote, kwa kuwa mji mkuu hupatikana kwa sekunde tano. Picha ya kifaa cha zamani iliyokatwa, ukionyesha kona tu, ni vigumu kuitafuta. Swali la ngazi la wanawake linajilinda kwa kasi yake. Ukiendesha kwa njia ya mtandao, punguza mahali hadi maswali matano na uongeze ngazi.

Upande wa kurekebisha mambo yakienda mrama, mahali na wanawake hukubali swali kuondolewa bila kuvunja raundi. Mambo ya zamani hayakubali: ukifuta swali moja, kizazi kimoja kitaona kimeonewa. Beba maswali mawili ya akiba ya kila rika.

Mgawanyo unaokwenda vizuri kwa jioni moja ni huu: mahali 10 kwanza, kwa kuwa wachelewaji wanaweza kuingilia kati, wanawake 10, matatu yakiwa ya ngazi, mapumziko, mambo ya zamani 6, majira ya kuchipua 5 kwa picha. Soma kila swali mara mbili, toa sekunde 30 za kuandika, na ulenge timu ya kawaida ipate 6 au 7 kati ya 10. Ikipata 4, watu wanaanza kutazama mlango.

Kwenye karatasi ya mwamuzi, kila jibu liwe na mstari wa "tunakubali pia": jina la zamani la mji, tahajia mbili, jina la ukoo pekee. Bila mstari huo mwamuzi anatunga sheria papo hapo, na timu iliyonyimwa alama mapema itaikumbuka.

Sare ivunjwe kwa swali la namba, na lipo moja linalogusa mada tatu kwa mpigo. Mwaka 1910 Japani ilituma Washington miti 2,000 ya cheri. Ilikutwa na wadudu ikachomwa. Mwandishi Eliza Scidmore alikuwa amepigania wazo la miti hiyo kwa miaka mingi, na tarehe 27 Machi 1912 Helen Taft, mke wa rais, pamoja na mke wa balozi wa Japani, walipanda miwili ya kwanza ya shehena mpya. Shehena hiyo mpya ilikuwa na miti mingapi? 3,020. Kila timu iandike bila kusikia nyingine, na iliyo karibu zaidi ishinde. Usimtumie Tereshkova na mizunguko yake 48 kwa kazi hii, kwani kwa namba ndogo timu mbili huandika jibu lilelile na unabaki na sare yako.